Mama aliyeolewa na mchumba wa bintiye: kisa cha Isabelle wa Angoulême

Mwaka 1220 mfalme wa Uingereza, Henry III, mvulana wa miaka 12, alipata barua kutoka kwa mama yake aliyekuwa ng'ambo, Ufaransa. Mama alikuwa na habari mbili. Ya kwanza, ameolewa tena. Ya pili, mume mwenyewe ni Hugues wa Lusignan, yule yule aliyekuwa mchumba wa Joan, dada yake mfalme. Joan alikuwa na miaka tisa, na tayari alikuwa akilelewa ukweni, akingojewa afikie umri wa kuolewa.

Barua ile haikuomba radhi. Ilitaja sababu, ikamtaja Mungu kuwa shahidi, kisha ikaingia kwenye madai: ngome kadhaa na fedha maki 3,500.

Kwa karne nyingi watu wamekisimulia kisa hiki kwa kuchungulia chumba cha kulala. Mjane mwenye miaka thelathini na ushee, bado mzuri wa sura, anamwona mwanamume na kusahau kwamba ni mkwewe mtarajiwa. Wanahistoria watawa wa enzi zile, ambao hawakumpenda hata kidogo, walicheza na jina lake wakasema afadhali angeitwa Yezebeli. Mimi nakisoma kisa hiki kama kesi ya shamba la urithi. Ukikisoma hivyo, mambo mengi yaliyoonekana kuwa wazimu yanakaa sawa, ingawa si yote.

Tuanze na shamba lenyewe. Angoulême ni mji wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, umekaa juu ya kilima na mto Charente unapita chini yake. Katika karne ya 12 mji huo na nchi iliyouzunguka ulikuwa chini ya ukoo wa Taillefer, mamwinyi waliokula kiapo cha utii kwa mabwana wa Aquitaine lakini wakaishi kama wafalme wadogo. Tangu Aliénor wa Aquitaine aolewe na Henry II mwaka 1152, bwana huyo wa Aquitaine alikuwa wa nyumba ya wafalme wa Uingereza, na nyumba hiyo ilishika nchi kutoka Normandy hadi milima ya Pyrenees. Sasa chukua ramani. Poitiers iko kaskazini, Bordeaux kusini, na Angoulême iko takribani katikati ya njia. Anayefunga lango la Angoulême anaikata milki ya Waingereza vipande viwili.

Aymar, mwinyi wa Angoulême, hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja tu, Isabelle, aliyezaliwa karibu na mwaka 1188. Upande wa mama damu ilikuwa ya juu zaidi: mama yake, Alice wa Courtenay, alikuwa mjukuu wa Mfalme Louis VI, yaani binamu wa Philippe II aliyekuwa akitawala Ufaransa wakati huo. Kwa hiyo huyu msichana alikuwa mpwa wa mbali wa mfalme mmoja na mlinzi wa njia ya mfalme mwingine. Mtoto wa namna hiyo hakosi wachumba.

Mchumba wa kwanza alikuwa jirani, Hugues IX wa Lusignan. Ukoo wa Lusignan ulikuwa na sifa ya ukorofi na bahati: tawi lake moja lilikuwa limefika hadi viti vya enzi vya Jerusalem na Cyprus. Mwanzoni mwa 1200 Hugues IX alikuwa amejipatia milki ya La Marche, upande wa mashariki wa Angoulême. Akimwoa Isabelle, nyumba moja ingeshika Lusignan, La Marche na Angoulême kwa pamoja, ukanda mzima wa katikati. Maneno ya ndoa yalikuwa yameshatamkwa, kilichobaki ni bibi harusi kukua.

John, mfalme mpya wa Uingereza, aliliona hilo. Alikuwa ameachana na mke wake wa kwanza mwaka uliotangulia, ndoa ikibatilishwa kwa kisingizio cha udugu wa damu, na alikuwa huru kuoa. Tarehe 24 Agosti 1200, huko Bordeaux, akamwoa Isabelle yeye mwenyewe. Bwana harusi alikuwa na miaka thelathini na kitu. Bibi harusi alikuwa na miaka kama 12, umri wa chini kabisa ambao Kanisa liliruhusu msichana kuolewa. Hapakuwa na utekaji: baba yake Aymar alikubali, tena kwa furaha. Kati ya kumwoza binti kwa jirani anayekutamani mali na kumwoza kwa mfalme aliye mbali, mzazi alichagua taji. Msichana hakuulizwa. Tarehe 8 Oktoba akavikwa taji Westminster.

Hapa kuna jambo ambalo wasimuliaji wa mapenzi hulikosa. Kumchukua Isabelle kulikuwa na mantiki. Kosa la John lilikuja baadaye, aliposhindwa kumfuta Hugues machozi. Mtu aliyenyang'anywa mchumba wa thamani hiyo alistahili kupewa ardhi, fedha, au mchumba mwingine wa hadhi. Hugues hakupata kitu. Walipolalamika, John akawaambia ukoo wa Lusignan waje wathibitishe haki yao kwa pambano la silaha dhidi ya wapiganaji wa kukodiwa. Wakakataa, wakaenda kumshtaki kwa Philippe II. Na Philippe alikuwa na mamlaka ya kusikiliza shauri, kwa kuwa Mei 1200 pale Le Goulet John alikuwa amekubali kwa maandishi kwamba Philippe ni bwana wake kwa nchi zote anazoshika Ufaransa. Masika ya 1202 John aliitwa barazani Paris. Hakwenda. Philippe akatangaza kwamba amepoteza nchi zake, na Juni 1204 mji wa Rouen ukaanguka, na Normandy yote nayo.

Posa moja ilichangia kupoteza Normandy. Lakini nisimtwike Isabelle mzigo huo kama walivyofanya watawa. Philippe alikuwa akiitafuta sababu kwa taa.

Miaka ya Isabelle kama malkia naipita haraka, kwa sababu nyaraka zenyewe zinampita haraka. Baba yake alifariki 1202, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuwa mwenye haki ya Angoulême, kwa jina. Kwa vitendo John aliiendesha. Alizaa watoto watano: Henry mwaka 1207, Richard 1209, Joan 1210, Isabella 1214 na Eleanor 1215. Taji alikuwa nalo, lakini mkoba ulikaa kwa mume. Kwa miaka 16 mwanamke mwenye nchi yake mwenyewe aliishi kwa posho.

Mwaka 1214 John alirudi Poitou, nchi inayouzunguka mji wa Poitiers, na jeshi akijaribu kurudisha alichopoteza, akaona hawezi bila ukoo wa Lusignan. Ndipo akafanya alichopaswa kufanya miaka 14 nyuma: akatoa binti. Joan, miaka mitatu na nusu hivi, alichumbiwa na Hugues kijana, mtoto wa Hugues IX. Msomaji wa Kiswahili ashike jambo moja hapa. Kwetu mahari hutoka kwa mwanamume. Kule mali ilitoka kwa wazazi wa msichana, ikaenda naye kwa mume. Mali ya Joan ilikuwa mji wa Saintes na nchi yake pamoja na kisiwa cha Oléron. Mtoto akapelekwa kulelewa Lusignan, na mali ikaanza kushikwa kabla ya harusi. Jambo hilo la mwisho litarudi.

John alifariki Oktoba 1216 katikati ya vita na mamwinyi wake. Henry, miaka tisa, akavikwa taji Gloucester siku chache baadaye. Serikali ikashikwa na William Marshal, mzee aliyeheshimiwa na kila upande, akisaidiwa na mjumbe wa Papa na askofu wa Winchester. Mama wa mfalme hakupewa nafasi. Katika nchi nyingine, hata katika Ufaransa hiyo hiyo miaka kumi baadaye, mama wa mfalme mdogo angekuwa ndiye mlezi wa kiti. Isabelle hakupewa kiti, wala ufunguo, wala mtoto. Kufikia 1217 alikuwa amepanda jahazi kurudi Angoulême, akiwaacha Uingereza watoto wanne, mdogo kabisa akiwa na miaka miwili tu.

Hilo la kuwaacha watoto, wengi hawamsamehei. Mimi pia linanikaba. Lakini watoto wa wafalme wakati ule walikuwa mali ya serikali. Henry alikuwa chini ya askofu, Richard ngomeni Corfe chini ya mlezi wa kuteuliwa. Angebaki, angekuwa mjane wa kutembelea watoto wake kwa ruhusa. Akiondoka, anakuwa mwenye nchi. Na kule kwao alikuwa na nchi kweli, akaichukua mikononi na kuanza kuitawala kwa jina lake mwenyewe.

Sasa turudi kwenye barua ya 1220, na tuipime hoja moja baada ya nyingine, kama hakimu anavyopima ushahidi wa mtu mwenye maslahi.

Anaanza kwa vifo. Anasema mabwana wa La Marche na Eu wamefariki, na Hugues amebaki peke yake Poitou bila mrithi. Hilo ni kweli tupu. Hugues IX, mchumba wake wa zamani, alifia Damietta, Misri, mwaka 1219 katika Vita vya Msalaba, na ndugu yake Raoul, bwana wa Eu, alifariki mwaka huo huo. Hugues kijana akawa Hugues X, mwinyi wa La Marche na Lusignan, na hakuwa na mtoto wa kushika nyumba.

Kisha anasema rafiki za Hugues hawataki amwoe Joan kwa sababu bado ni mdogo mno, wanamshauri aoe mwanamke atakayemzalia mapema. Tufanye hesabu. Joan alikuwa anakaribia miaka kumi. Angetimiza miaka 12 mwezi Julai 1222. Kwa hiyo kungoja ni miaka miwili kabla ya ndoa, na mingine kadhaa kabla ya mtoto wa kutarajiwa. Kwa mtu ambaye baba na baba yake mdogo wameondoka ndani ya mwaka mmoja, huo si muda mfupi. Hoja ina uzito. Na kwa upande wa matokeo haikukosea: Hugues XI alizaliwa mwaka 1221, mwaka mmoja tu baada ya harusi.

Halafu kinakuja kitisho. Anasema ilikuwa imependekezwa Hugues aoe Ufaransa, yaani upande wa mfalme Philippe, na kama angefanya hivyo nchi zote za Henry za Poitou na Gascony zingepotea. Kwa kuona hatari hiyo, yeye mwenyewe ameolewa naye, na Mungu anajua amefanya hivyo kwa faida ya mwanawe kuliko yake. Sentensi hiyo ndiyo watu huicheka. Lakini sehemu ya kwanza yake ni sahihi kijiografia, ni ule ule ukanda wa katikati uliomfanya John amwoe yeye miaka 20 kabla. Anachokiacha ni kwamba wa kwanza kubanwa asingekuwa Henry aliye Westminster. Angekuwa Isabelle, mjane peke yake juu ya kilima, na Hugues mwenye mke wa Kifaransa akimzunguka pande mbili. Kwa kuolewa naye amegeuza adui wa mpakani kuwa mume, na ameziunganisha Angoulême na La Marche safari hii kwa masharti yake.

Baada ya hapo anataja kwamba washauri hawakuweza kumpa shauri. Linaonekana neno la kupita, kumbe limewekwa kwa makusudi. Mkataba Mkuu (Magna Carta) ambao John aliupiga muhuri Juni 1215, uliorudiwa 1216 na 1217 kwa jina la Henry, una kifungu cha wajane. Kinasema mjane asilazimishwe kuolewa, lakini anayeshika ardhi ya mfalme atoe dhamana kwamba hataolewa bila idhini ya mfalme. Isabelle ameolewa bila idhini. Anajua ameolewa bila idhini. Kwa hiyo anaandika kwamba aliomba shauri akalikosa, ili kosa liwe la baraza.

Na hapo ndipo barua inapofikia mwili wake. Anaomba Hugues arudishiwe haki yake: Niort, ngome za Exeter na Rockingham, na maki 3,500, ambavyo anasema mumewe wa zamani alimwachia. Kwa sheria za kule, mume alimtengea mke fungu la ardhi litakalomlisha akifiwa. Hilo fungu la mjane Isabelle alikuwa akilidai tangu 1216 bila kulipata lote. Sasa analidai akiwa na mume mwenye jeshi, na anamkumbusha mwanawe kwa upole kwamba mtu mwenye nguvu kiasi hicho ni bora awe upande wako.

Mwishoni kabisa anasema Henry akipenda atume mjumbe wa kuaminika, naye atamrudisha Joan.

Joan hakurudishwa haraka. Hugues na Isabelle walimshikilia huku Saintes na Oléron zikiwa bado mikononi mwao, na baraza la Henry likajibu kwa kuzuia mali za Isabelle Uingereza. Katika ahadi za 1220 na mfalme wa Scotland, Alexander II, Waingereza walilazimika kuandika kwamba watampa Joan awe mke wake, na kama hawatampata, watampa mdogo wake Isabella. Hebu fikiria sentensi hiyo ikiandikwa na makarani kuhusu mtoto aliye nyumbani kwa mama yake mzazi. Ilibidi Papa Honorius III aingilie kati, ndipo mtoto akaachiwa kabla mwaka haujaisha. Juni 1221, hajatimiza hata miaka 11, akaolewa na Alexander huko York. Alifariki 1238 bila kupata mtoto.

Hapa ndipo nasimama upande wa mashtaka. Hoja ya urithi naielewa, hoja ya mpaka naielewa. Kumgeuza binti dhamana ya deni ni jambo jingine, na barua yenyewe inaonyesha alijua, kwa jinsi ilivyomsukuma Joan hadi mstari wa mwisho.

Tusimame kidogo kwenye udugu, maana Kiswahili kina majina ya kuuonyesha huu mkanganyiko vizuri kuliko Kilatini cha makarani. Hugues X alikuwa awe shemeji yake Henry, akawa baba yake wa kambo. Kwa Joan, mchumba aligeuka baba. Kwa Isabelle, mkwe aligeuka mume. Na marehemu Hugues IX, aliyekuwa awe mume wake mwaka 1200, akawa baba mkwe akiwa kaburini. Kanisa lilikuwa na sheria juu ya mambo haya. Mtaguso wa Laterano wa 1215 ulikuwa umelegeza makatazo ya udugu kutoka vizazi saba hadi vinne, lakini uchumba wenyewe uliweka kizuizi kati ya mtu na ndugu wa karibu wa mchumba wake. Hapa kizuizi kilipatikana mara mbili, kupitia kwa baba wa mume na kupitia kwa binti wa mke. Hata hivyo ndoa ilisimama, na ikadumu hadi kifo. Sheria ile ile iliyombatilishia John ndoa yake ya kwanza haikumgusa Hugues. Udugu ulikumbukwa pale mtu mwenye nguvu alipotaka kukumbuka.

Ndoa hiyo ilizaa watoto tisa. Ukijumlisha na wale watano wa John, Isabelle alizaa 14. Na katika nyaraka zake zote baada ya 1220 aliendelea kujiita kwanza malkia wa Uingereza, ndipo bibi wa La Marche na Angoulême. Mume mpya hakumshusha cheo. Liweke hilo akilini.

Je, ahadi ya barua ilitimia? Ulinzi ambao Henry aliahidiwa ulidumu miaka minne. Mwaka 1224 Louis VIII, mfalme mpya wa Ufaransa, aliingia Poitou, na Hugues akajiunga naye. Bandari ya La Rochelle ikaanguka Agosti mwaka huo. Mwaka 1230 Henry alipovuka bahari na jeshi, Hugues alikaa upande wa Ufaransa tena. Kwa miaka ishirini nyumba hii iliuza utii wake kwa mwenye kutoa zaidi, ikipokea kutoka mikono yote miwili. Mtu anayetetea kwamba Isabelle aliolewa na Hugues kwa ajili ya mwanawe ana kazi ngumu hapo. Anayesema aliolewa kwa ajili ya Angoulême hana kazi kabisa. Angoulême ilikua.

Mambo yalivunjika 1241. Louis IX alimpa mdogo wake Alphonse milki ya Poitou, na mamwinyi wakaitwa kula kiapo. Kwa Hugues ilimaanisha kwamba badala ya mfalme aliye mbali, sasa atakuwa na bwana wa kukaa hapo hapo Poitiers na kuhesabu kuku wake. Kwa Isabelle ilikuwa na mwiba wa ziada, kwa sababu cheo cha Poitou alikuwa amekivaa mwanawe Richard tangu 1225. Hugues akala kiapo. Akampokea mfalme kwenye ngome ya Lusignan.

Kilichofuata tunakijua kutokana na barua ya mtu wa La Rochelle aliyekuwa akimpelekea habari Blanche wa Castile, mama yake Louis. Ni barua ya mpelelezi, kwa hiyo tuisome tukijua ananogesha, ila ina harufu ya ukweli wa nyumbani. Anasema Isabelle aliposikia, alifika Lusignan akaanza kubeba vitu: vitambaa, samani, vyungu vya jikoni, hata sanamu ya Bikira Maria na vitambaa vya altare, akaondoka navyo vyote kwenda Angoulême. Hugues akamfuata. Akafungiwa nje ya ngome siku tatu, akala na kulala kwenye nyumba ya watawa askari wa Hekalu kama msafiri. Aliporuhusiwa kuingia, mke alilia na kumfokea: umewaheshimu waliokunyang'anya urithi wako. Akamsimulia aliyotendewa Poitiers. Alingojeshwa siku tatu. Alipoitwa chumbani, mfalme alikuwa amekaa upande mmoja wa kitanda, malkia upande wa pili pamoja na bibi wa Chartres na dada yake aliyekuwa mkuu wa watawa. Hakuna aliyemkaribisha kukaa. Alipoingia hawakusimama, alipotoka hawakusimama. Akamtishia mumewe kwamba asipofanya jambo, hatalala naye tena.

Watu husoma hapa majivuno ya mwanamke mzee. Lakini tazama nani alikuwa amesimama pale mlangoni: malkia aliyepakwa mafuta Westminster miaka 41 kabla, mwenye damu ya Louis VI kama waliokaa kitandani. Kumwacha asimame kama mjakazi kulikuwa tamko la kisiasa, na kila mtu chumbani alilielewa.

Krismasi ya 1241 Hugues alimkana Alphonse hadharani huko Poitiers. Mei 1242 Henry III, sasa mtu mzima, akashuka Royan na jeshi kumsaidia mama yake na baba wa kambo. Julai, kwenye daraja la Taillebourg kisha nje ya mji wa Saintes, Louis akawavunja kwa siku mbili. Siku chache tu baadaye Hugues alikuwa kwa mfalme wa Ufaransa akiomba msamaha, pamoja na mke na watoto, na Henry ameachwa kwenye mataa. Saintes, mji uliokuwa mali ya ndoa ya Joan, ndiko mchezo wa barua ya 1220 ulikoishia.

Ukazuka uvumi kwamba wapishi wa mfalme wa Ufaransa walikamatwa na sumu, na kwamba waliotumwa walimtaja Isabelle. Waandishi walioueneza walikuwa maadui wake, na sioni haja ya kuutolea hukumu. Kilicho hakika ni kwamba alikimbilia abasia ya Fontevraud, ambako watawa wanaume na wanawake waliishi chini ya mamlaka ya mama mkuu, na huko akafariki mwaka 1246. Hugues naye alifia Damietta mwaka 1249, pale pale alipofia baba yake.

Watoto wa Lusignan hawakuwa na nafasi Ufaransa ya Louis. Mwaka 1247 wakavuka kwenda kwa kaka yao Henry, ambaye aliwapokea kwa mikono miwili kiasi cha kuwaudhi wenyeji. William wa Valence akapata mke mwenye urithi wa Pembroke, Alice akaolewa na mwinyi wa Surrey, Aymer akachaguliwa askofu wa Winchester. Mwaka 1258 mamwinyi wa Uingereza walipoinuka dhidi ya Henry, moja ya madai yao ya mwanzo ilikuwa ndugu hao wafukuzwe. Aliyekuja kuongoza uasi huo alikuwa Simon de Montfort, mume wa Eleanor, yule mtoto wa miaka miwili aliyeachwa Uingereza 1217. Upande mmoja mtoto wa Isabelle akiwa mfalme, akitetea watoto wa Isabelle wa baba mwingine. Upande wa pili mkwe wa Isabelle, na binti yake nyuma ya mumewe.

Henry alifika Fontevraud mwaka 1254, akakuta mama yake amezikwa nje, kwenye makaburi ya watawa. Akaamuru ahamishiwe ndani ya kanisa. Sanamu ya kaburi lake bado ipo: imechongwa kwa mti, ndogo kuliko zile za mawe zilizo karibu naye, za Henry II, Aliénor na Richard, wazazi na kaka wa mume wake wa kwanza. John mwenyewe hayupo, amezikwa Worcester.

Angoulême ilikaa mikononi mwa uzao wake hadi 1308, Guy wa Lusignan alipofariki bila mtoto na Philippe IV akaichukua.